Mafundi wakosoane, lakini si mbele ya wateja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi tunaofanya kazi kwenye gereji za magari ya utalii hapa Arusha tunalishuhudia kila msimu unapokaribia, nalo ni mvutano wa chinichini kati ya mafundi wa zamani na vijana wanaotoka vyuo vya ufundi vya VETA. Wazee wanasema vijana wa siku hizi hawaambiliki. Vijana wanasema wazee hawajui kusema bila kudhalilisha. Kila upande una kweli yake, ila wote wanakwepa swali lenyewe: neno lilisemwa wapi, na mbele ya nani?

Katika gereji moja mjini hapa, kijana alirudishia gurudumu la Land Cruiser iliyokuwa iondoke alfajiri kwenda Serengeti, akaacha nati mbili bila kuzikaza. Fundi mkuu alipopitisha spana alizikuta zinacheza. Alikuwa na haki ya kukasirika, maana kwenye barabara ile ya vumbi na makorongo nati zilizolegea zinaweza kung'oa gurudumu gari likiwa na abiria. Lakini alimwita kijana mbele ya dereva na wateja, akamuuliza kama chuoni alisomea ufundi au alikwenda kula ugali, kisha picha ya nati ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp la kazini, watu wakacheka hadi usiku. Kijana hakujibu. Alipopokea mshahara wa mwezi ule hakuonekana tena.

Upande wa pili hausemwi sana. Hapohapo, mzee mmoja aliagiza pampu ya dizeli ibadilishwe, ilhali kijana aliyeunganisha kompyuta ya kupimia injini alikwishaona kwamba hitilafu iko kwenye waya wa sensa, yaani kihisi. Akanyamaza, kwa sababu mtu unayemwamkia shikamoo kila asubuhi ni vigumu kumwambia mchana kwamba amekosea. Mwenye gari akalipia pampu asiyoihitaji. (Na pampu hizo, wanaozinunua wanajua, si bei ya karanga.)

Sikubaliani na wanaodai kwamba vijana wabembelezwe. Nati isiyokazwa lazima itajwe kwa jina lake, siku ileile, na aliyeiacha aambiwe bila kuzungushwa. Hata Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hazimkatazi mwajiri kumkosoa mfanyakazi. Zinachotaka ni kwamba, kabla ya kumwachisha mtu kwa utendaji duni, sababu zichunguzwe, apewe maelekezo na muda wa kutosha wa kujirekebisha. Kejeli mbele ya wageni si maelekezo.

Ombi langu kwa wenye gereji ni dogo, na linaweza kutekelezwa kabla ya wageni wa Juni hawajafika. Kundi la WhatsApp libaki kwa ajili ya ratiba na vipuri tu. Kila kazi ikaguliwe na watu wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, na yeyote kati yao awe na mamlaka ya kuzuia gari lisitoke, akieleza sababu ofisini, mlango ukiwa umefungwa.

Msimamizi wa gereji,
Njiro, Arusha