Afande akimsema waziri: barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salaam kutoka Nachingwea. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, siku hizi mkulima wa korosho, na jioni utanikuta kijiweni na wazee wenzangu tukinywa kahawa kwa kashata. Hapo ndipo yalipoanzia mabishano yaliyonifanya nikuandikie. Kijana mmoja wa bodaboda alituuliza: kamanda wa jeshi akiwasema viongozi wa kiraia hadharani, na anayoyasema yakawa kweli, atumbuliwe? Nusu ya benchi wakasema atumbuliwe kesho asubuhi. Nusu wakasema aongezewe nyota. Nilikunywa vikombe vitatu bila kutia neno, jambo ambalo si kawaida yangu, kisha nikarudi nyumbani kutafuta karatasi.

Jibu langu nalitanguliza nisikupotezee muda: aondolewe. Hata kama kasema kweli. Ila jibu hilo linazaa swali la pili, na hilo la pili ni lako wewe na kamati yako.

Sisi wa Nachingwea hatuna haja ya kusimuliwa jeshi lisiloongozeka linavyokuwa. Januari 1964 maasi ya Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati ule, yalianzia kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, yakaenda Tabora, yakafika na hapa. Askari walitaka mishahara bora na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke. Marehemu baba alikuwa akiwauzia wapishi wa kambi samaki wakavu. Alichokikumbuka hadi anakufa ni kwamba alifika getini na kapu lake, akamuuliza askari aliyemzoea, "Mkubwa wenu leo nani?" Yule askari akacheka, halafu akanyamaza. Hakuwa na jibu. Baba alirudi na samaki wake.

Yaliyofuata unayajua. Serikali ililazimika kuwaomba msaada Waingereza walewale, na tarehe 25 Januari makomando wao wakashuka Dar es Salaam kuwanyang'anya silaha askari wetu. Uhuru wenyewe ulikuwa na miaka miwili tu. Mwalimu Nyerere hakuficha kwamba ilikuwa fedheha. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo ikazaliwa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Nilipokuwa nafundisha somo hili, kila mwaka alitokea mwanafunzi wa kuuliza kama madai ya wale askari yalikuwa ya haki. Nilimjibu kwamba kwa maoni yangu mengi yalikuwa ya haki. Ugumu umelala hapo hapo. Mtu mwenye bunduki akishadai haki yake kwa sauti kubwa, hakuna anayebaki kulipima dai. Wote wanaitazama bunduki.

Kijiweni mmoja alinibana: mbona mganga mkuu akimkosoa waziri tunampigia makofi? Nikamwambia mganga mkuu ana sindano na kalamu, na akifukuzwa leo manesi wake hawatazunguka jengo la wizara. Kamanda ana watu walioapa kutii amri, na wao husoma uso wake kabla hawajasoma barua yoyote kutoka juu. Akimkejeli waziri mbele ya maluteni wake, wale vijana wamekwisha kufundwa.

Chukua mfano wa Jenerali Stanley McChrystal, Mmarekani aliyekuwa akiongoza vita vya Afghanistan. Mwaka 2010 alimruhusu mwandishi wa gazeti la muziki (naam, la muziki) akae na timu yake. Makala ilipotoka, kejeli nyingi dhidi ya Makamu wa Rais Joe Biden na watu wa Ikulu zilikuwa za wasaidizi, si zake. Tarehe 23 Juni Rais Barack Obama alimwita, akakubali kujiuzulu kwake, na nafasi ikaenda kwa David Petraeus. Wapo wanaomwonea huruma kwa kuwa mengi hakuyatamka kwa kinywa chake. Mimi namkamata hapo hapo. Wadogo wanamcheka makamu wa rais mezani, mgeni ana daftari, na mkubwa wao hata hakohoi!

Lakini mfano ninaotaka uukalie kitako ni wa Douglas MacArthur, kwa sababu unaihusu kamati kama yako. Huyu alikuwa shujaa wa Vita Kuu ya Pili, na akapewa kuongoza vita vya Korea. Alitaka vita vivuke mpaka viifikie China. Rais Harry Truman hakutaka. MacArthur akamwandikia barua Joseph Martin, kinara wa chama cha Republican katika Baraza la Wawakilishi, na tarehe 5 Aprili 1951 barua ikasomwa humo ndani. Tarehe 11 Truman akamwondoa. New York walimwagika barabarani kumpokea jenerali, na Truman akachukiwa mno. Angalia kilichoipoza ile hasira. Kamati mbili za Seneti zilikaa pamoja kwa wiki saba hivi kulichambua jambo. MacArthur alihojiwa siku tatu. Milango ilifungwa, lakini maelezo yalichujwa siri za kivita kisha yakatolewa kwa magazeti. Wakaitwa na wakuu wengine wa majeshi, akina Omar Bradley, nao wakaeleza kwa nini mpango wa MacArthur ulikuwa wa hatari. Rais alimwondoa, ila waliolielewesha taifa ni kamati.

Sasa geuza sarafu. Februari 2003 kamati ya Seneti hiyohiyo ya Marekani ilimuuliza Jenerali Eric Shinseki, mkuu wa jeshi la nchi kavu, askari wangapi watahitajika Iraki baada ya vita. Akajibu: laki kadhaa. Hakuitisha waandishi, hakumtukana mtu. Aliulizwa swali na wenye haki ya kuuliza, akajibu anachokijua. Siku mbili baadaye naibu waziri wa ulinzi, Paul Wolfowitz, akalikejeli jibu lake mchana kweupe, na Juni jenerali akastaafu bila kuagwa na mkubwa yeyote wa wizara anayestahili kutajwa. Iraki ikawa ile tuliyoiona. Novemba 2006 Jenerali John Abizaid alisimama mbele ya maseneta akasema Shinseki alikuwa sahihi. Zaidi ya miaka mitatu na nusu, na makaburi yote yale.

Mtu akiniuliza tofauti ya McChrystal na Shinseki, sitamtajia hasira wala heshima. Nitamtajia chumba. Mmoja alisemea kwenye meza ya vinywaji, mwingine mbele ya kamati. Wa kwanza alistahili kuondoka. Wa pili alistahili kulindwa, na kamati iliyomuuliza haikumlinda.

Na Ufaransa wana kisa kinachokuhusu zaidi. Julai 2017 Jenerali Pierre de Villiers, mkuu wa majeshi, aliitwa na kamati ya ulinzi ya Bunge lao, milango imefungwa, kuzungumzia kukatwa kwa euro milioni 850 kwenye bajeti. Alisema kwa maneno makali, ya mtaani hasa, kwamba hatakubali wizara ya fedha imfanyie hivyo. Maneno yakavuja. Kesho yake Rais Emmanuel Macron akawakumbusha wanajeshi, hadharani, kwamba mkuu wao ni yeye. Tarehe 19 Julai de Villiers akajiuzulu. Kosa la jenerali hapo silioni, labda ukali wa ulimi. Aliyestahili kufukuzwa ni mjumbe aliyetoka kikaoni akaenda kusimulia.

Turudi nyumbani. Katiba yetu inamfanya Rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu, na ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Haikuwa hivi zamani. Miaka ya 1980 katibu wa CCM wa wilaya yetu hii ya Nachingwea alikuwa mwanajeshi, Jakaya Kikwete, na hakuna aliyeshangaa, kwani chama na jeshi vilikaa chungu kimoja. Vyama vingi vilipokuja mwaka 1992 ikabidi kuchagua, naye akavua gwanda akabaki na siasa. Mlango huo upo hadi leo kwa kamanda yeyote anayewashwa kuwasema wanasiasa: avue gwanda kwanza, aje jukwaani kama sisi.

Ila nanyi wanasiasa mna mkono wenu. Novemba 2018, wanunuzi walipotaka korosho kwa bei tuliyoikataa, Rais John Magufuli alitangaza shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaagizwa kusomba mzigo. Malori ya jeshi yalipanga foleni katika mikoa yetu hii. Tulishangilia, na mimi nilikuwa miongoni mwao, sitakudanganya. Vijana wale walikuwa na adabu na walifanya kazi. Baadaye ukaja uhakiki, wengine wakangoja malipo mpaka msimu mwingine ukakaribia, na lawama zikawa kila kona ya ghala. Tangu hapo najiuliza: kanali aliyepewa magunia ayasimamie, kama aliona hiyo si kazi ya askari, alimwambia nani? Magazetini hakutakiwa, nami ningekuwa wa kwanza kudai aondolewe. Je, kuna aliyemwita na kumuuliza? Nauliza hivyohivyo juu ya Mei 2013, jeshi lilipoletwa Mtwara mjini wakati wa ghasia za kupinga bomba la gesi, ingawa yale sitaki kuyafukua leo. Mwanasiasa akimtumbukiza askari kwenye korosho na mabomba, kisha akashangaa askari ana maoni juu ya korosho na mabomba, mimi namshangaa yeye.

Kwa hiyo ombi langu, Mheshimiwa, ni la mambo ya chumba hicho. Wizara ya ulinzi huja mbele yenu na bajeti yake kila mwaka. Mwaka huu mwombeni waziri na katibu mkuu wake wakanywe chai nje kwa nusu saa, mbaki na wenye magwanda peke yao. Waulizeni: ni agizo gani la mwaka huu mliloliona halifai, na mlilisema kwa nani? Wawekeeni kwenye kumbukumbu kwamba jibu la swali hilo halitamgharimu mtu cheo. Na mjumbe wenu atakayelitoa jibu nje, mwondoeni kwenye kamati kabla hamjamaliza kikao. Serikali ikilituma jeshi kufanya kazi ya raia tena, iwe korosho, iwe chochote, muwaite makamanda ndani ya mwezi uleule, msingoje bajeti.

Baada ya hapo, kamanda atakayekwenda kumsema waziri redioni au mesini mbele ya wadogo zake atakuwa hana kisingizio, na uteuzi wake ukitenguliwa jioni hiyohiyo hakuna mzee wa kijiwe chetu atakayemtetea. Leo ninaye mmoja anayemtetea, na kusema kweli nilishindwa kumjibu, kwa sababu aliniuliza: "Sasa mwalimu, huyo afande angesemea wapi?"

Ukijibu, tuma hata kwa ujumbe mfupi kupitia mbunge wetu. Macho yangu hayasomi tena maandishi ya simu, lakini yule kijana wa bodaboda ameahidi kunisomea, tena kwa sauti, benchi zima lisikie.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Nachingwea, Lindi