Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi: Fremu Isiyo na Picha

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Nawe tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kutufungulia maonyesho haya.

Ulipoingia umeona fremu ya mninga ukutani, ndani haina kitu. Asubuhi mzazi mmoja alituuliza kama tumesahau kubandika picha. Hatukusahau, mzazi wetu. Fremu ile ni ya Lucretia wa Parmigianino, picha iliyopotea karibu miaka 500 iliyopita, na ndiyo tuliyoisoma muhula mzima.

Parmigianino, yaani Francesco Mazzola, alizaliwa Parma, Italia, mwaka 1503. Mwaka 1531 alisaini mkataba wa kuchora ndani ya kanisa la Santa Maria della Steccata mjini kwao. Miaka ikapita, kazi haiishi. Vasari, mchoraji aliyeandika maisha ya wasanii, anadai mwenzetu alikuwa amezama katika kugandisha zebaki akitafuta utajiri. (Mwenye kuwahi kumngoja fundi anaelewa.) Mwishowe alitiwa ndani; alipotoka akakimbilia Casalmaggiore, akafia huko Agosti 1540, akiwa na miaka 37. Vasari anasema kazi yake ya mwisho ilikuwa Lucretia, anaisifu kuwa miongoni mwa bora alizowahi kuchora, kisha anasema ilitoroshwa na haijulikani iliko.

Ndugu Mgeni Rasmi, Napoli, kwenye makumbusho ya Capodimonte, yupo Lucretia anayejichoma kisu. Wapo wataalamu wanaosema ndiye huyo. Wengine waliwahi kusema kazi hiyo ni ya Girolamo Bedoli, mchoraji aliyeoa binamu wa Parmigianino. Tulibishana wiki mbili tumtundike au la, tukaamua fremu ibaki wazi.

Lucretia ni nani? Livius, mwanahistoria wa Roma, anasimulia kwamba vijana wa kifalme wakiwa vitani Ardea walishindana kusifia wake zao, wakapanda farasi usiku kwenda kuhakikisha. Wake wa wana wa mfalme walikutwa karamuni. Lucretia, mke wa Collatinus, alikutwa akisokota sufu na vijakazi wake kwenye mwanga wa taa. Siku chache baadaye Sextus, mwana wa mfalme, alirudi na mwenzake mmoja tu, Collatinus asijue, akapokewa kwa heshima ya mgeni, na usiku akamwendea na upanga. Alipoona kifo hakimtishi, akasema atamuua na kumlaza mtumwa aliyeuawa pembeni yake, ili ionekane walifumaniwa. Ndivyo alivyombaka.

Kulipokucha Lucretia aliwaita baba yake na mumewe, kila mmoja aje na rafiki mwaminifu. Akaeleza yote, akawaapisha kulipa kisasi, ndipo akatoa kisu alichokificha chini ya nguo, akajichoma nacho. Brutus, aliyekuja na Collatinus, alikichomoa kisu kile na kukiapia. Wafalme wakafukuzwa Roma, kwa hesabu ya Warumi wenyewe, mwaka 509 KK.

Hapo klabu iligawanyika. Kuna waliomwunga mkono Mtakatifu Augustino, aliyeuliza: kama hakuwa na hatia, kwa nini auawe? Mwalimu wa ushauri nasaha alikaa nasi siku ile, akatwambia wazi kwamba anayefanyiwa ukatili hana deni la kulipa kwa uhai wake. Sote tulikubali hilo.

Lililotuudhi zaidi ni wachoraji. Livius anasema kisu kilikuwa chini ya nguo, lakini Dürer mwaka 1518 alimchora uchi, na Cranach akarudia hivyo mara nyingi. Mwanamke aliyeita mashahidi anageuzwa kuwa mwili wa kutazamwa. Ukiukaribia ukuta wa kushoto utaona michoro yetu: kwenye mmoja amevaa, mlango uko wazi, na wanaume wanne wamesimama wakimsikiliza.

Ndugu Mgeni Rasmi, pamoja na hayo tuna changamoto. Rangi za mafuta hatuna, projekta tunaazima. Kubwa kuliko zote, tunaomba kabati lenye kufuli: mwaka jana michoro yetu minne iliwekwa stoo, na hadi leo hatujaiona.

Tunaomba kuwasilisha.