Barua kwa Fundi: Hekalu Lisilojengwa

Pune, India
19 Januari 2025

Mpendwa Fundi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ugenini. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na shemeji na watoto, na kwamba ile nyumba ya Ngamiani uliyokuwa ukiipandisha nilipoondoka imekwisha kufika kwenye linta. Mimi ni mzima, ila baridi ya asubuhi inanisumbua, maana hapa tuko juu ya uwanda wa Deccan, kiasi cha mita 560 kutoka usawa wa bahari, na mtoto wa Tanga hakuzoea kwenda darasani akiwa amejifunika shuka juu ya sweta.

Katika barua yako ya mwisho ulinitaka niache kukueleza habari za mitihani, nikueleze badala yake namna watu wa kale wa nchi hii walivyojenga. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nikaone kwanza kwa macho yangu kabla ya kukuandikia yale niliyoyasoma tu vitabuni. Sasa nimeona, tena mara mbili, na jambo la kwanza ninalopaswa kukuambia ni kwamba swali lako linahitaji kugeuzwa kidogo, kwa kuwa kitu nilichokwenda kukitazama ni jengo ambalo halikujengwa.

Linaitwa Pataleshwar, na liko kando ya Barabara ya Jangali Maharaj, mtaa wa Shivajinagar, katikati kabisa ya jiji. Barabara yenyewe ungeipenda kabla hujalifikia hekalu: ilitengenezwa miaka ya 1970, na hadi leo watu wa Pune huisifu kwa kutokuwa na mashimo, nao huizungumzia kwa fahari kana kwamba kila mmoja wao alishika koleo siku ile. Nilikwenda Jumapili iliyopita kwa bajaji, chombo ambacho huku kiko kwao, kwa kuwa kampuni ya Bajaj iliyokipa jina lake kule kwetu ina makao yake makuu Akurdi, hapa hapa viungani mwa Pune. Dereva alinishusha mbele ya lango, akapokea nauli yake, akaniacha nimesimama nikiangaza macho juu nikitafuta kilele. Mahekalu mengine yote niliyokuwa nimekwisha kuyaona mitaani hutangulizwa na kilele chake, hivyo kwamba mgeni hawezi kupotea. Hapa niliona maduka, nguzo za umeme, na matawi ya miti mikubwa ya jamii ya mkuyu, ile inayoshusha mizizi kutoka matawini hadi ikafika ardhini na kuwa mashina mapya. Nilikwenda mpaka mwisho wa ukuta, nikarudi, nikaanza kudhani kwamba dereva amenishusha mahali pasipo.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja aliyekuwa ameketi bustanini akisoma gazeti. Huku mtu wa umri wake huitwa "kaka", neno ambalo kwa Kimarathi maana yake ni baba mdogo, nami bado sijazoea kumwita mtu mwenye mvi kaka bila kuona haya. Nilipomuuliza hekalu liko wapi hakunyoosha mkono mbele wala kando; alikunja gazeti lake, akaelekeza kidole chini, kwenye ardhi iliyokuwa mbele ya miguu yangu. Baadaye nilielewa kwamba hata jina lenyewe lingenitosha kama ningelifikiri: Patala ni kuzimu, nchi iliyo chini ya nchi, na Ishwar ni bwana, kwa hiyo Pataleshwar ni Bwana wa Kuzimu, mojawapo ya majina ya mungu Shiva.

Unateremka ngazi chache na kelele za pikipiki zinabaki juu yako. Unajikuta katika ua ulio wazi, ambao sakafu yake na kuta zake zote ni mwamba mmoja mweusi. Jiwe lenyewe ni basalti, yaani uji wa volkano uliomwagika na kuganda tabaka juu ya tabaka yapata miaka milioni 66 iliyopita, ukaifunika sehemu kubwa ya magharibi ya India. Wewe umezoea matumbawe, ambayo yakitolewa baharini mabichi hukubali kuchongwa karibu kama mbao, kisha hukauka na kuwa magumu. Hili halina wakati wa ulaini. Lilikuwa gumu siku fundi wa kwanza alipolipiga tindo, katika karne ya 8, zama za wafalme wa ukoo wa Rashtrakuta, na ni gumu vile vile leo. Nikupe kipimo cha kwetu: maandishi yaliyochongwa katika msikiti wa Kizimkazi kule Unguja ni ya mwaka 1107, na hekalu hili lilikuwa limekwisha kukaa zaidi ya miaka 300 maandishi hayo yalipochongwa.

Katikati ya ua kuna kibanda cha duara ambacho kilinifanya nikukumbuke zaidi kuliko kitu kingine chochote nilichokiona tangu nifike nchi hii. Paa lake limekaa kama mwavuli uliofunguliwa, nalo limebebwa na nguzo nene za pembe nne, na chini yake amelala Nandi, yule ng'ombe dume ambaye ni kipando cha Shiva, amemwelekea bwana wake aliye ndani ya pango. Mtu anayepita haraka atasema kwamba ni banda la mawe lililojengwa uani. Lakini ukiinama kwenye tako la nguzo hutaona kiungo, wala chokaa, wala mahali ambapo jiwe moja linaishia na jingine linaanza. Paa, nguzo na sakafu ni mwamba ule ule. Ua haukuwako kabla ya banda. Ua ni ile sehemu ya mwamba iliyoondolewa ili banda libaki.

Fikiria basi kazi hiyo, Fundi. Sisi huchimba msingi, tukapanda, na paa huja mwisho, mwenye nyumba akiwa amekwisha kuishiwa fedha. Wao walianza na paa. Mtu alisimama juu ya mwamba mtupu, akachora duara, naamini kwa kigingi na kamba, kisha akaanza kula jiwe kwenda chini pande zote huku akiacha lile la katikati, na sakafu ambayo wewe unaikanyaga siku ya kwanza ya kazi wao waliifikia siku ya mwisho. Ndani ya pango ilikuwa vivyo hivyo: dari hutangulia kukamilika, maana mchongaji husimama juu ya jiwe ambalo bado hajaliondoa, na kwa sababu hiyo hahitaji mirunda wala ngazi. Hilo ni nafuu. Taabu yake ni kwamba hakuna kurudisha. Tofali likivunjika unaagiza jingine, ukuta ukipinda unaubomoa, lipu huficha mengi ambayo mimi na wewe tunayajua; lakini aliyekula vidole viwili zaidi kwenye nguzo ya Nandi, nguzo yake ilikuwa imepungua vidole viwili milele.

Nilivua viatu, nikaingia ndani. Ni ukumbi mpana wenye safu za nguzo nzito zisizo na urembo mwingi, giza lake likipunguzwa na taa za umeme ambazo, kwa maoni yangu, ni nyeupe mno kwa mahali kama pale. Nyuma kuna vyumba vitatu vya ibada vilivyochongwa ndani zaidi, na katika kile cha katikati imo linga, jiwe la mviringo ambalo ndilo alama ya Shiva. Macho yakishazoea utaanza kuona jambo jingine: kazi haikukamilika. Kuna mahali ambapo uso wa mwamba umesawazishwa vizuri na mahali ambapo alama za tindo bado ni mbichi, na sehemu ambazo kwa ukubwa wake zilikusudiwa kuchongwa sanamu zimebaki tupu. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba nyuma ya chumba cha linga mafundi walikuta ufa katika mwamba, wakaona kwamba kuendelea kungekuwa hatari, wakaacha.

Watu wengi hulitaja hilo kama upungufu wa Pataleshwar, hasa wakililinganisha na Kailasa ya Ellora, hekalu zima lenye mnara na ua lililochongwa kutoka juu kwenda chini katika karne ile ile na chini ya wafalme wa ukoo ule ule, ambalo wageni husafiri mbali kwenda kulishangaa. Kailasa nitaliona Mwenyezi Mungu akipenda, likizo ikifika. Lakini sikubaliani na wanaolionea huruma hili la Pune. Kazi iliyokamilika humficha fundi wake. Hapa amebaki, unaona alipofika jioni ile, na unaona kwamba alikuwa mtu wa kusikiliza jiwe. Wewe uliwahi kukataa kuendelea na ukuta wa mtu kwa sababu msingi ulikuwa umetitia, ukakosa malipo ya wiki mbili, na mtaa mzima ukasema unajivuna. Nilikuwa mmoja wa waliosema, nami nilipokuwa pale nyuma ya nguzo nilijikuta nikikuwaza.

Nilirudi Jumatatu, kwa kuwa Jumatatu ni siku ya Shiva, nikitaka kuona jinsi watu wanavyolitumia. Nilidhani nitakuta umati, na wakati wa Mahashivratri, sikukuu kubwa ya Shiva ya kila mwaka, naambiwa huwa hivyo, lakini asubuhi ile walikuja mmoja mmoja: mwanamke aliyevaa sare ya kazi akiwa na kijibirika cha maziwa, vijana wawili wenye mabegi ya chuo, mama mmoja na mjukuu wake aliyeinuliwa ili aifikie kengele. Humimina maziwa au maji juu ya linga, huweka majani ya mti wa bilva, yale yanayoota matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, kisha huzunguka, na hapo kuna kanuni ambayo wewe ungeitambua mara moja kuwa ni ya ujenzi: maji yanayomiminwa yana mfereji wake wa kutokea, na muumini wa Shiva hauvuki mfereji huo, bali akiufikia hugeuka na kurudi alikotoka. Nilikaa kando, kimya, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameketi chini, mgongo wake umeegemea nguzo ya karne ya 8, akikokotoa hesabu kwenye daftari.

Niliwaza mapango yetu ya Amboni. Yale yalichongwa na maji katika mawe ya chokaa, hakuna mkono wa mtu uliohusika, na hata hivyo watu wa kwetu waliingia, wakaona ni mahali pa kuombea, wakaacha sadaka zao kwenye mzimu. Watu wa hapa hawakupewa pango, wakalifanya. Zamani mahali hapa palikuwa kijiji kilichoitwa Bhamburda, nje ya mji, ng'ambo ya mto Mutha, na mji ndio uliovuka mto ukakizingira. Hata jina la barabara ni la juzi ukililinganisha na pango: Jangali Maharaj alikuwa mtu wa dini wa karne ya 19, aliyezikwa jirani na hapo.

Jioni ile ile nilivuka mto nikaenda Shaniwar Wada, jumba la watawala wa Pune walioitwa Peshwa. Hilo lilijengwa kama tunavyojenga sisi, msingi kwanza na ghorofa juu ya ghorofa, kwa mbao za msaji na matofali na mawe, likakamilika mwaka 1732. Mwaka 1828 liliungua kwa siku kadhaa. Leo yamebaki malango, kuta za nje na misingi iliyopangika vizuri katikati ya majani, na watoto hukimbia juu ya vyumba ambavyo havipo. Kule Pataleshwar moto haungekuwa na cha kula.

Sasa nina swali, na ndilo hasa lililonifanya niandike barua ndefu namna hii. Zile nguzo za banda la Nandi nilizitazama kwa muda mrefu, na kwa jicho langu la mwalimu wa historia zimesimama wima. Wewe wima huupata kwa timazi: unaishusha kamba, risasi inatulia, unapima. Lakini timazi hudai nafasi tupu ya kuning'inia, na pale hapakuwa na nafasi yoyote. Nguzo ilikuwa bado imo ndani ya jiwe, na nafasi ilipopatikana jiwe lilikuwa limekwisha kuondolewa. Nimefikiri kwamba labda walichimba kwanza kishimo chembamba kando ya kila nguzo, wakashusha kamba humo, kisha wakala jiwe kwa kuifuata. Mwenzangu wa chumbani, anayesomea uhandisi, alicheka na kusema kwamba kishimo chenyewe kingehitaji timazi yake. Tumebishana siku tatu.

Nijibu kwa mchoro kama ulivyozoea, nyuma ya karatasi ya mfuko wa saruji ikibidi, umpe shemeji apige picha anitumie. Nisalimie wazee wote wa barazani, na umwambie mama yangu kwamba sweta alilolifuma linanifaa.

Rafiki yako,
Mwalimu