Barua kwa ami yangu: yule mnyama wa Basuba

Ami, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu tulikukosea hadharani, baraza nzima ikisikia. Ulikuwa ukisimulia safari zako za Basuba, kijiji cha msituni huko Lamu, kununua asali kwa Waboni, wenyeji wa msitu huo. Ukafika kwa yule mnyama mdogo, miguu myembamba kama ya paa, pua ndefu haitulii, anapekua majani makavu kisha anaruka huyo, haonekani tena. Mmoja wetu akauliza, "Panya mwenye mkonga?" Tukacheka. Ukamaliza kahawa yako kimya, na tangu siku hiyo hujamtaja.

Ami, yule ni sengi. Panya si wa kwao kabisa: vipimo vya vinasaba vimemweka ukoo mmoja na tembo, pimbi na nguva. Mwaka 2010, watafiti wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na wenzao wa Zoological Society of London walitoa picha za sengi mkubwa wa msitu wa Boni na Dodori. Walikuwa wamefunga kamera zinazopiga zenyewe mnyama akipita. Kwa wataalamu alikuwa mgeni, hata kwenye vitabu hakuwamo. Wewe ulishatuambia hadi anavyokimbia.

Kisha nikasoma habari za Jibuti. Sengi wa Kisomali, aina nyingine, alikuwa amekaa kama miaka 50 bila mtaalamu kumwandika, akahesabiwa amepotea. Mwaka 2019 watafiti wakaenda kumtafuta kwenye majabali makavu ya huko, wakiwauliza kwanza wenyeji mahali pa kutega. Mitego ilizidi 1,000, katika sehemu 12, na chambo kilikuwa siagi ya karanga iliyochanganywa na oti na hamira. Mtego wa kwanza tu ukamnasa, na kile kishungi cha manyoya kwenye ncha ya mkia. Houssein Rayaleh, mtafiti wa huko, alieleza kwamba wao watu wa Jibuti hawakupata hata siku moja kumwona kuwa amepotea. Niliposoma hapo nilikukumbuka wewe na kikombe chako.

Kinachonitia hofu ni wale waliokuonyesha. Waboni walikatazwa kuwinda mwaka 1977, na tangu operesheni ya usalama ya 2015 kuingia msituni kumekuwa kugumu. Kijana wa Mangai au Milimani, vijiji vya Waboni, atajifunzia wapi kusoma nyayo, ikiwa babake mwenyewe haingii? Kamera inapiga kinachopita mbele yake, basi. Haijui mnyama alilala wapi, wala ni msimu gani anasogea karibu na mto. Mzee mmoja akizikwa, mengi ya msitu huo yanakwenda naye, na sisi tulio mjini hatuna hata ukurasa mmoja.

Ami, nisamehe. Ijumaa baada ya swala nitakuja na daftari. Nataka unitajie jina walilokuwa wakimwita kwa lugha yao, pale ulipomwona, na mwaka, hata kwa kukisia: kabla ya mvua kubwa au baada yake. Na yule nguva uliyewahi kusema ulimwona upande wa Mkokoni, mama na mtoto wake, ulipokatizwa kabla hujamaliza. Alikuwa akielekea wapi?