Risala ya Wakazi Wazungumzao Kiswahili kwa Mkuu wa Polisi wa Mji Kuhusu Wizi wa Barua

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Polisi wa mji wetu. Maofisa mlioongozana naye. Wazee wetu, viongozi wa makanisa na msikiti, majirani wa mitaa hii, mama zetu, vijana na watoto: amani iwe kwenu.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha jioni hii tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali kuketi nasi katika National Night Out, usiku ambao majirani na polisi wa nchi hii wamekuwa wakikutana kila mwaka tangu 1984. Kwingineko wanakutana Jumanne ya kwanza ya Agosti; sisi wa Texas tunangoja Oktoba, jua lipunguze ukali. Risala hii tunaisoma kwa Kiswahili na kijana wetu aliye kando yako anakutafsiria. Tumetaka wazee wetu wasikie kwa masikio yao wenyewe yale tunayoyaomba kwa niaba yao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni familia zilizotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, tunaoishi katika apatimenti na nyumba za viunga hivi vya Fort Worth. Wengi wetu tumepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na wapo vijana hapa waliozaliwa humo. Kikundi chetu kilianza kwa kuchangiana kwenye misiba na harusi. Kamati ya usalama tumeiongeza baadaye, tukifuata utaratibu wa nyumba kumi tunaoujua tangu nyumbani: kaya chache zinazojuana zinakuwa na mjumbe wao, na mjumbe anajua nani kasafiri, nani anaumwa, nani ni mgeni mtaani. Kamati hiyo ndiyo iliyoandaa risala hii, na jambo tulilolichagua ni moja tu: wizi wa barua.

Huenda baadhi ya majirani wakashangaa kwamba tumeacha mengine yote tukashika barua. Tunaomba mtusikilize.

Kule tulikotoka, barua haimfuati mtu nyumbani. Inabaki Posta, ndani ya S.L.P., na ufunguo uko mfukoni mwa mwenye sanduku, au wa shule, au wa parokia. Hapa tumekuta kabati la chuma limesimama kando ya barabara, usiku na mchana, lenye vijisanduku vya kaya nyingi. Kila kaya ina ufunguo wa kijisanduku chake. Lakini mleta barua hafungui kimoja kimoja: anafungua mlango mzima wa kabati kwa ufunguo mmoja, ule wanaouita arrow key, na ufunguo huo huo unafungua makabati mengine ya eneo lake pamoja na yale masanduku ya bluu ya kutumia barua. Mwizi akiupata ufunguo huo hana haja ya kuvunja kitu. Anafungua, anazoa barua za mtaa mzima, anafunga, na asubuhi sisi tunadhani siku hiyo hatukuandikiwa.

Ndiyo maana waleta barua wenyewe wamegeuka kuwa walengwa. Mwezi Mei 2023 Posta ya Marekani na wakaguzi wake walitangaza kwamba katika mwaka wa fedha 2022 waleta barua 412 waliporwa wakiwa kazini, na katika nusu ya kwanza tu ya mwaka uliofuata wakaporwa wengine 305. Posta ikaahidi kuondoa kufuli 49,000 za zamani na kuweka za kielektroniki. Tunawaombea heri wanaume na wanawake hao wanaotembea juani kutuletea barua. Wanajua majina yetu, hata yale marefu, na wamejifunza kuyatamka.

Mheshimiwa, sasa tukueleze ni nini hasa kinaibwa kwetu. Kwa jirani aliyezaliwa hapa, sanduku siku nyingi lina matangazo ya pizza na bili anazoweza kuzilipa kwa simu. Kwa familia iliyofika juzi, sanduku hilo hilo ndilo linaloleta kadi ya Social Security, kadi ya ruhusa ya kufanya kazi, grini kadi, kadi ya msaada wa chakula, barua ya miadi ya alama za vidole. Kadi ya kazi ikipotea, kuipata nyingine ni kujaza fomu upya, mara nyingi na kulipa ada upya, kisha kungoja. Mwajiri naye hangoji. Tunaye mama mmoja katika kikundi chetu ambaye mfumo wa Posta ulionyesha kadi yake imefika. Alipokwenda kuichukua alikuta mlango wa kabati umepinda kwa nondo na vijisanduku vyote viko wazi. Kazi aliyokuwa ameahidiwa akapewa mwingine.

Jambo la pili ni mani oda. Wengi wetu hatujawa na kitabu cha hundi, kwa hiyo kodi ya nyumba tunailipa kwa mani oda tuliyoinunua dukani au Posta. Mwenzetu mmoja aliituma ya kwake kwa njia ya barua kama miezi yote. Wiki zilipopita, wenye nyumba wakamwambia hawajaona kitu na faini ya kuchelewa inaanza kuhesabiwa. Bahati njema alikuwa amehifadhi kishina, akaomba nakala ya mani oda iliyokwisha kulipwa. Nakala ilipokuja tuliiweka mezani kwenye kikao tukaiangalia wote. Kiasi cha fedha kilichochapwa kwa mashine kilikuwa vilevile, hakikuguswa. Pale alipoandika kwa mkono jina la mpokeaji palikuwa na kivuli hafifu cha wino uliofutwa, na juu ya kivuli hicho jina la mtu tusiyemjua, kwa mwandiko mzuri kabisa. Wezi hawa wanatumia asetoni, ile ile ya kuondolea rangi ya kucha. Inafuta wino wa peni ya kawaida na kuacha karatasi ikiwa safi.

Hayo si ya mtaani kwetu peke yake. Mwezi Februari 2023 kitengo cha Hazina ya Marekani kinachofuatilia uhalifu wa fedha kiliyaonya mabenki yote juu ya hundi zinazoibwa kwenye barua. Taarifa za benki kuhusu udanganyifu wa hundi zilikuwa zaidi ya 350,000 mwaka 2021. Mwaka 2022 zikapita 680,000.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa ndipo tunapofikia lile tulilokusudia kulisema mbele yako na mbele ya watu wetu. Tangu tarehe 1 Septemba 2019 Texas ina sheria yake ya wizi wa barua, na sheria hiyo inahesabu walioandikiwa. Aliyeiba barua za watu wasiofika 10, kosa lake ni dogo, kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Wakifika 10 hadi 29, kosa linapanda na kuwa kubwa, linaloweza kumpeleka jela ya jimbo hadi miaka 2. Wakiwa 30 au zaidi, ni miaka 2 hadi 10. Sheria ya nchi nayo inasema hadi miaka 5 kwa kuiba barua, na hadi miaka 10 kwa kuiba au kughushi ufunguo wa Posta.

Sasa fikirini kabati moja la mtaa wetu limezolewa lote, na walioripoti ni wawili. Polisi akimkamata mtu huyo bila mfuko wa barua mkononi, mbele ya hakimu atasimama na majina mawili. Wengine wote walionyamaza wamemfanyia mwizi hesabu nzuri. Hili tunalisema kwa uchungu, kwa sababu waliokuwa wakinyamaza zaidi ni sisi. Sababu tunazijua. Wapo wanaosema ni barua tu, Mungu ataleta nyingine. Wapo waliowahi kuona askari akija na jambo likawa baya zaidi, kule walikotoka, na mwili haujasahau. Wapo wanaoogopa kuulizwa makaratasi. Na wapo waliokwenda kuripoti wakashindwa kwa lugha. Mzee mmoja aliambiwa mahali fulani arudi na mtoto wa kumtafsiria. Mtoto alikuwa shule, na mzee hakurudi.

Kamati yetu haikukaa bure. Tumepita nyumba kwa nyumba kuwaandikisha watu katika Informed Delivery, huduma ya bure ya Posta inayokutumia asubuhi picha za bahasha zinazotarajiwa kufika siku hiyo. Kwa mama asiyesoma Kiingereza picha inatosha: anamwonyesha mwanawe bahasha, na ikiwa jioni haimo sandukuni, anajua siku hiyo hiyo. Tumewahimiza watu watoe barua kila siku, wapeleke mani oda na hundi ndani ya Posta badala ya kuziacha kwenye sanduku usiku wa Jumamosi, waandike kwa peni za jeli ambazo wino wake unang'ang'ania karatasi, wasitupe kishina. Anayesafiri kwenda kwenye msiba jimbo jingine anaweza kuiomba Posta imshikie barua kuanzia siku 3 hadi 30. Wanaohama tunawakumbusha kwamba Uhamiaji wanataka anwani mpya ndani ya siku 10 na Posta nayo ina fomu yake mbali. Wengi hujaza moja wakadhani wamemaliza.

Kwa upande wa idara yako, Mheshimiwa, tunayo ya kushukuru. Tangu ofisa wako alipokuja kwenye kikao chetu cha kina mama na kuketi mpaka chai ikaisha, watu wetu wameanza kumpungia mkono anapopita na gari. Tumeziona doria zenu za alfajiri kwenye maegesho, saa zile ambazo vijana wetu wa zamu za ghala wanarudi nyumbani. Ofisa huyo ndiye aliyetufundisha tofauti ambayo hatukuijua: mwizi akiwa yupo kwenye kabati wakati huo, ni 911, na usimsogelee, ukigundua baadaye, ni namba ya polisi isiyo ya dharura, kisha wakaguzi wa Posta kwa 1-877-876-2455. Tumeziandika kwa Kiswahili na kuzibandika kwenye kuta za kufulia nguo.

Pamoja na shukrani hizo, tuna maombi.

La kwanza ni lugha. Tunaomba kila anayepokea simu na kila anayekaa kaunta katika idara yako ajue kwamba mkalimani wa Kiswahili anapatikana kwa simu, na kwamba mtu akisema neno hilo moja, Kiswahili, aunganishwe badala ya kurudishwa nyumbani. Watoto wetu wa miaka kumi wasiwe ndio wanaoeleza polisi namba za benki za baba zao.

La pili ni kabati bovu. Lile la upande wa mashariki limekaa na mlango uliopinda kwa muda mrefu, na wakazi wake wanakwenda kupanga foleni Posta na vitambulisho mkononi, wakiacha kazi. Wenye nyumba wanasema ni la Posta. Posta wanasema kabati ni la wenye nyumba, wao yao ni ile kufuli ya mleta barua tu. Tunajua si kazi ya polisi kutengeneza masanduku. Lakini ripoti za wizi wa hapo ziko kwako, na ukiwaita pande zote mbili mezani na ripoti hizo, watakuja. Sisi tukiwaita hawaji.

La tatu, msimu wa Krismasi unakaribia, vifurushi vitakuwa vingi, na Januari inaleta makaratasi ya kodi ya mapato yenye namba zote za mtu. Tunaomba doria zile za alfajiri zisipunguzwe katika miezi hiyo. Wajumbe wetu wa nyumba kumi wako tayari kukupa orodha ya makabati yote na hali ya kila moja.

La nne ni zito kuliko yote, na tunakuomba ulijibu kwa kinywa chako leo, si kwa barua. Sheria ya Texas ya mwaka 2017, ile ya SB 4, inasema polisi asimuulize mwathirika au shahidi wa kosa hali yake ya uhamiaji, isipokuwa pale inapolazimu kwa uchunguzi wa kosa hilo au kwa kumweleza juu ya viza zinazowalinda wanaosaidia polisi. Sisi tumeisoma kwa wazee wetu. Wamesikiliza kwa heshima, lakini wamesema wanataka kumsikia mwenye bunduki na beji. Wako hapa mbele, safu ya kwanza. Waambie mtu akija kituoni kusema barua yake imeibwa ataulizwa nini, na hataulizwa nini.

Nasi tunakuahidi mbele yao: kabati lolote likiguswa, mjumbe atapita kwa kila kaya siku hiyo hiyo, na ripoti zitakazofika kwako zitakuwa na majina yote, si mawili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chakula kiko tayari, kuna pilau, sombe na ndizi, na tunaomba usiondoke kabla hujaonja. Nakala ya risala hii kwa Kiingereza tunakukabidhi pamoja na orodha ya wajumbe wetu.

Naomba kuwasilisha.