Barua kuhusu Injili za Rabbula

Morogoro

Mpendwa rafiki yangu Deogratias,

Salaam nyingi katika jina la Bwana. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba mama watoto amepona. Umeniuliza ni kitu gani kilichonishika hata nikakaa jioni nyingi nikitazama picha za kitabu kimoja cha kale.

Kitabu hicho kinaitwa Injili za Rabbula. Rabbula ndiye mwandishi aliyenakili Injili nne kwa mkono, juu ya ngozi, katika Kisiria, ambacho ni tawi la Kiaramu, akaikamilisha kazi yake mwezi Februari mwaka 586 katika monasteri ya Mtakatifu Yohane wa Beth Zagba huko Siria, na mwishoni akaacha jina lake na tarehe. Baadaye kilikuwa mikononi mwa mapatriaki, yaani maaskofu wakuu, wa Wamaroni, Wakristo wa mapokeo ya Kisiria huko Lebanoni, na sasa kinatunzwa katika Maktaba ya Laurenziana mjini Florence, Italia.

Nilikuwa nikitafuta picha ya Kusulubiwa, maana ndiyo inayosifiwa zaidi, lakini kabla sijaifikia nilikutana na kurasa 19 za namba. Unakumbuka tulivyohangaika katika katekesi kutafuta habari aliyoisimulia Marko imeandikwa wapi katika Luka? Askofu Eusebio wa Kaisaria alilishughulikia jambo hilo katika karne ya 4, karne nyingi kabla Biblia haijagawanywa kwa sura na aya tunazozitumia leo. Aligawa kila Injili katika vifungu vyenye namba, kisha akazipanga namba hizo katika majedwali 10: la kwanza ni la habari zilizomo katika Injili zote nne, kama ile ya mikate mitano na samaki wawili, na la mwisho ni la habari za mwinjilisti mmoja peke yake, kama mwana mpotevu katika Luka. Katika kitabu hiki namba hizo zimewekwa chini ya matao yenye nguzo za rangi. Ndege wametua juu ya matao, manabii wa Agano la Kale wamesimama pembeni, na karibu nao yamechorwa matukio madogo ya maisha ya Yesu. Sijaona mahali pengine ambapo orodha ya kurejelea imepambwa kama altare, na kwangu hilo ni tendo la ibada.

Sasa niiseme picha ya Kusulubiwa. Kristo amevaa vazi refu la zambarau lisilo na mikono, lenye milia ya dhahabu, na macho yake yako wazi, ilhali wanyang'anyi wawili wamefungwa nguo kiunoni tu. Askari mwenye mkuki ameandikiwa jina lake, Longino, kwa herufi za Kigiriki, na chini ya msalaba wengine wamekaa wakilipigia kura vazi la Bwana. Chini kabisa, katika ukurasa huo huo, liko kaburi tupu, na Mfufuka anawatokea wanawake. Wapo wachunguzi wanaosema kwamba kurasa za picha ziliunganishwa na maandishi ya Rabbula baadaye sana. Hoja zao ni nzito, lakini uzuri wa picha haupungui kwa hilo.

Jambo jingine lililonigusa ni lugha. Neno letu kasisi lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, lakini Waarabu walilipata kwa Wakristo wa Kisiria, ambao walisema kashisha, yaani mzee. Msalaba nao una asili hiyo hiyo: kwao ni sliba. Kwa hiyo, ndugu yangu, kila Ijumaa Kuu tunapoimba habari za msalaba, tunatamka neno ambalo Rabbula angelitambua.

Nimeuchapisha ukurasa wa Kusulubiwa kwa rangi, na nitampa mdogo wako akija huku mwisho wa mwezi. Uutazame mchana, karibu na dirisha, kisha uniandikie unavyomwona Mama Maria, kwa maana yumo juu, penye msalaba, na yumo tena chini, penye kaburi.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako,
Kasiani