Barua ya wazi kwa wanamichezo na mashabiki wa vyuo vya Mtwara na Lindi: kombe lisitufunge midomo

Wajukuu zangu, wachezaji, mashabiki na viongozi wa serikali za wanafunzi katika vyuo vyetu vya Kusini,

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Nawaandikia nikiwa mwalimu mstaafu, niliyefundisha netiboli na kulala kambini na wasichana nikiwa matroni wao kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na sasa nimetulia hapa Mikindani. Sina chuo ninachokinyooshea kidole, na ninaomba asitafutwe mtu katika maneno haya. Kilichonifanya nishike kalamu ni mazungumzo ya vijana niliyoyasikia mara nyingi mno, kwamba kocha akitajwa kuwasumbua wachezaji, jibu la kwanza linalotoka midomoni ni kuwa aachwe, kwa sababu ametuletea kombe. Maneno hayo yananiuma, na nataka niwaeleze kwa nini yana madhara makubwa kuliko mnavyodhani.

Kiongozi wa chuo anapoletewa habari kwamba mtu wake amemdhalilisha mwanafunzi, kabla hajaamua lolote huwa anawatazama ninyi. Anajiuliza mashabiki watasemaje, timu itakuwaje, wafadhili watakimbilia wapi. Akiona kwamba umma unalipenda kombe kuliko unavyompenda mchezaji, atapata ujasiri wa kufunika kombe mwanaharamu apite. Akiona kwamba umma hautamsamehe kwa kuficha, ataiita polisi siku hiyo hiyo. Kwa hiyo wajibu wa taasisi haukai ofisini peke yake. Unakaa pia majukwaani mnakoshangilia.

Chukueni kisa cha Chuo Kikuu cha Penn State, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Huko mpira wao wa Kimarekani ni jambo zito kiasi kwamba uwanja wa chuo kimoja unabeba watu zaidi ya laki moja, na kocha mkuu Joe Paterno, aliyeishika timu hiyo tangu mwaka 1966, alisimamishiwa sanamu ya shaba nje ya uwanja akiwa bado hai. Msaidizi wake wa miaka mingi, Jerry Sandusky, alianzisha mwaka 1977 shirika la kusaidia watoto wa familia zenye shida, na ni miongoni mwa watoto hao alikokuwa akiwachagua wa kuwadhalilisha. Mwaka 1998 mama mmoja alishitaki kwa polisi wa chuo baada ya mwanawe kurudi nyumbani na nywele mbichi na kueleza kwamba ameoga pamoja na kocha huyo. Upelelezi ulifanyika, lakini kesi haikufunguliwa. Mwaka uliofuata Sandusky alistaafu kwa heshima zake zote na kubaki na ruhusa ya kuingia katika majengo ya michezo.

Februari 2001 kijana mmoja katika benchi la ufundi, Mike McQueary, alimkuta usiku bafuni na mtoto. Kesho yake akamwambia Paterno. Paterno akamwambia mkurugenzi wa michezo, habari ikamfikia makamu wa rais wa chuo, kisha rais mwenyewe, Graham Spanier. Utazameni vizuri mlolongo huo, kwa maana ndio kiini cha barua yangu. Kila mmoja aliipandisha habari ngazi moja na kujiona amemaliza kazi, na waliokuwa juu kabisa wakaona inatosha kumwambia Sandusky asilete tena watoto katika majengo yale. Polisi hawakuambiwa, na ofisi ya ustawi wa watoto haikuambiwa. Hakuna aliyefanya juhudi ya kumtafuta yule mtoto ili ajue ni nani na yuko katika hali gani.

Ilipita zaidi ya miaka kumi hadi Sandusky akakamatwa, Novemba 2011. Mwaka 2012 alitiwa hatiani kwa makosa 45 yaliyohusu wavulana kumi, akahukumiwa kifungo cha kati ya miaka 30 na 60. Mkurugenzi wa michezo na makamu wa rais walikiri mahakamani mwaka 2017 kuhatarisha ustawi wa watoto, na Spanier akatiwa hatiani mwaka huo huo. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilikipiga chuo faini ya dola milioni 60, na sanamu ikang'olewa.

Lakini mimi nawataka mkumbuke usiku wa tarehe 9 Novemba 2011, bodi ya chuo ilipotangaza kumwondoa Paterno. Maelfu ya wanafunzi waliingia barabarani wakiwa na hasira, wakapindua gari la kituo cha televisheni, wakimlilia kocha. Hebu jiwekeni katika nafasi ya kijana aliyedhalilishwa, ambaye bado hajamwambia mtu, akiutazama umati ule. Anajifunza nini kuhusu thamani yake mbele ya mechi ya Jumamosi? Ni haki niseme pia kwamba siku mbili baadaye maelfu walikusanyika pale chuoni na mishumaa kwa ajili ya walioumizwa. Chuo kilikuwa kile kile, na vijana walikuwa wa rika lile lile. Umma unaweza kugeuka, na unaweza kugeuka upesi, ukikumbushwa mwenye jeraha ni nani.

Kisa cha pili nitakieleza kwa ufupi, kwa kuwa kinatufundisha juu ya chuo kujichunguza chenyewe. Larry Nassar alikuwa daktari wa michezo katika Chuo Kikuu cha Michigan State na daktari wa timu ya taifa ya mazoezi ya viungo, na udhalilishaji wake aliuita tiba. Mwaka 2014 mwanamke mmoja alilalamika, chuo kikafanya uchunguzi wake wa ndani, kikamsafisha na kumrudisha kazini, naye akaendelea kuwahudumia wasichana kwa takribani miaka miwili mingine. Hadi Rachael Denhollander, mmoja wa wasichana aliowadhalilisha, alipojitokeza hadharani mwaka 2016, gazeti la Indianapolis Star likaandika, ndipo wengine wakapata nguvu. Hukumu ilipotolewa Januari 2018, waathirika zaidi ya 150 walikuwa wamezungumza mahakamani, na rais wa chuo alijiuzulu siku hiyo hiyo. Chuo kilikubali kulipa dola milioni 500. Na asije mtu akasema haya ni ya wasichana tu, kwa sababu uchunguzi uliotangazwa na Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 2019 ulionyesha kwamba daktari mmoja wa chuo hicho aliwadhalilisha wanafunzi wa kiume 177, na kwamba watumishi wa chuo walishajua malalamiko hayo tangu mwaka 1979.

Sasa turudi nyumbani. Kambi zetu mnazijua. Shule imefungwa, madawati yamerundikwa nje, magodoro yametandazwa sakafuni, vyandarua vimefungwa kwenye nondo za madirisha, na wasichana ishirini wanalala katika darasa ambalo kitasa chake hakifungi kwa ndani. Kocha ndiye anayepanga kikosi, ndiye anayeshika nauli na posho, na ndiye anayejua jina la nani litapelekwa kwenye timu ya mkoa. Mchezaji akitegua kifundo cha mguu mazoezini, anaambiwa apite jioni chumbani kwa mwalimu akachuliwe. Hapo ndipo penye hatari, na ndipo pa kuwekea ulinzi. Mguu unachuliwa pembeni ya uwanja, watu wakiona na matroni akiwepo. Katika kambi nilizosimamia, ufunguo wa darasa la wasichana nilikaa nao mimi, na mwalimu wa kiume aliyekuwa na neno na mchezaji baada ya chakula cha usiku alizungumza naye barazani, taa ikiwaka. Walimu wema hawakuona vibaya, tena baadhi yao walinishukuru, kwa maana utaratibu huo uliwalinda na wao dhidi ya maneno ya watu.

Mwenzenu akija kuwaambia kwamba amefanyiwa jambo, msikilizeni bila kumhoji alikuwa amevaa nini na alikwenda huko kufanya nini. Mpelekeni hospitali mapema kabla hajaoga wala kufua nguo, iwe Ligula kwa walio Mtwara mjini au Sokoine kwa walio Lindi, au kituo cha afya kilicho karibu, kwa kuwa dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI inapaswa kuanza ndani ya saa 72. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na huko ndiko mtapata PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Lakini kutafuta fomu kusimcheleweshe mgonjwa kufika kwa daktari. Nendeni naye wawili au watatu, asikae peke yake kwenye benchi la kusubiri. Akiwa hajafikisha miaka 18, na katika kozi za cheti wapo wengi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa wajibu wa kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, na simu ya msaada kwa watoto, namba 116, hupigwa bure. Mkufunzi au kocha anayedai ngono ili atoe nafasi katika timu au alama darasani anafanya rushwa ya ngono, kosa lililoandikwa wazi katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113.

Mtaona kwamba sijaanza na ofisi ya mkuu wa chuo. Mkuu wa chuo ajulishwe, tena kwa maandishi yenye tarehe, ila asiwe ndiye mlango wa pekee, maana mlango huo ukifungwa jambo limekwisha. Chuo hakiwezi kuwa mtuhumiwa, mpelelezi na hakimu kwa wakati mmoja. Mkuu wa chuo mwadilifu hataona kwamba mmemvunjia heshima kwa kwenda polisi.

Hapa nina neno kwa wazee wenzangu pia, kwa sababu wanasoma. Tabia ya kukaa barazani pande mbili, fedha zikahesabiwa, binti akaambiwa asamehe na kijana akaambiwa ni mwanamume hivyo avumilie, inatutia aibu. Msimu wa korosho fedha zinapokuwapo mikononi ndipo mambo haya yanapomalizwa kirahisi zaidi. Ubakaji ni jinai, na jinai si ya ukoo kuisamehe. Aliyelipa laki kadhaa leo anarudi uwanjani kesho na filimbi shingoni, akiwa amejifunza bei.

Kwenu mashabiki nasema hivi. Msimtetee mtu kwa sababu ya mabao, na vilevile msimhukumu kwa sababu ya uvumi. Nimeona majina ya wasichana yakirushwa kwenye makundi ya WhatsApp na picha zao zikizungushwa, na watu wakidhani wanasaidia. Kufanya hivyo ni kumdhalilisha mara ya pili, na kunaharibu ushahidi. Msivamie nyumba ya mtu, msimpige, msichome kitu. Dai lenu liwe kwamba mtuhumiwa akae pembeni ya timu wakati vyombo vya dola vinachunguza, ambako si kumhukumu, na kwamba aliyelalamika asipoteze namba yake kikosini, chumba chake hosteli wala mtihani wake. Nasisitiza hili la namba kikosini, kwa kuwa adhabu ya kimya kimya inayowapata walalamikaji wengi ni kuachwa nje ya timu bila maelezo, na wenzao huliona na kujifunza kunyamaza.

Na ikitokea timu ikapoteza mashindano kwa sababu kocha wake yuko polisi, poteeni mkiwa mmesimama na mwenzenu. Mashindano yatarudi mwakani.

Viongozi wa serikali za wanafunzi, ombi langu kwenu ni dogo na linawezekana wiki hii. Mwandikieni mkuu wa chuo kuomba kwamba kabla timu haijapanda basi, matroni na patroni wanaosafiri nayo wajulikane kwa majina, na wasiwe wateule wa kocha. Ombeni namba ya Dawati la Jinsia la wilaya mnakokwenda, mwibandike kwenye ubao wa matangazo na kwenye mlango wa kila darasa mtakamolala. Ombeni jibu kwa maandishi. Lisipokuja, andikeni tena, na nakala ipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Ni mimi bibi yenu,
mwalimu mstaafu, Mikindani, Mtwara